Usijitengenezee Gari, Mtengenezee Dereva

Mbio za saa 24 ndani ya Gran Turismo 4 huchukua saa 24 kweli. Saa ya gemu haiendi upesi kuliko ya ukutani, na mtu mwenye kazi na familia hawezi kukaa na kidhibiti mkononi muda wote huo. Kampuni ya Polyphony Digital ya Japani, iliyotengeneza gemu hilo, lililotoka kwa PlayStation 2 mwishoni mwa Desemba 2004, iliweka njia ya kutokea: hali iitwayo B-Spec, ambamo kompyuta inashika usukani na wewe unakuwa mkuu wa timu. Unampangia dereva mwendo kwa ngazi tano, unamruhusu kupita walio mbele au unamtuliza, unamwita piti, na unaweza kuharakisha muda hadi mara tatu, kwa hiyo saa 24 zinakuwa nane. Saa nane ni usiku mmoja wa kulala. Unaanzisha mbio, unazima taa, na asubuhi unakuta ama kombe ama gari lililoachwa mizunguko kadhaa nyuma. Tofauti kati ya asubuhi hizo mbili kwa sehemu kubwa haiamuliwi usiku. Inaamuliwa gereji, kabla gari halijasukumwa kwenye mstari wa kuanzia, na huko ndiko wachezaji wengi wanakokosea, kwa sababu wanamkabidhi dereva gari walilolirekebisha kwa ajili ya mikono yao wenyewe.

Anza basi kwa kumjua dereva. Fundi cherehani hashoni suti kwa kipimo chake, hata kama mwili wake ni mzuri kuliko wa mteja. Dereva wa B-Spec anaendesha kwa kufuata mstari. Anajua kona inaingiwa wapi, anajua breki zinaanza wapi, na anarudia yale yale mzunguko baada ya mzunguko kwa uaminifu ambao binadamu haufikii saa tisa usiku. Huo ndio uzuri wake, na ni uzuri mkubwa. Udhaifu wake uko kwingine: anawahi kufunga breki, anasita nyuma ya gari la mbele hata nafasi ikiwa wazi, na gari likianza kuteleza haliokoi kama mchezaji anayehisi mtikisiko kiganjani. Mchezaji mzuri huufanya mtelezo kuwa sehemu ya kona. Anaachia mafuta kidogo, anageuza usukani kinyume, anasubiri, anakanyaga tena. Dereva wa kompyuta akitoka kwenye mstari wake huwa amepoteza kitu pekee alichokuwa akikitegemea, na kurudi kunamgharimu.

Jambo la pili la kulielewa ni kipimo. Unapojirekebishia gari mwenyewe unatafuta mzunguko mmoja bora, ule utakaouonyesha rafiki zako. Mbio za dereva wa kompyuta hupimwa kwa jumla. Chukua magari mawili ya mfano. La kwanza linazunguka kwa dakika 2 kamili, lakini katika kila mizunguko 10 linamponyoka dereva mara mbili, na kila mara anapoteza sekunde 9. La pili linatumia dakika 2 na sekunde moja na nusu kila mzunguko, ila halitoki njiani. Piga hesabu ya mizunguko 10: la kwanza dakika 20 na sekunde 18, la pili dakika 20 na sekunde 15. Lililo polepole limeshinda kwa sekunde 3, na hapo hatujahesabu matairi yaliyolika kwa kuteleza wala wapinzani waliopita wakati la kwanza likijikwamua kwenye mchanga. Kwenda mbio si kufika, na hesabu hiyo ya sekunde 3 kwa kila mizunguko 10 inazidi kuwa kubwa kadiri mbio zinavyorefuka.

Kutokana na mambo hayo mawili, lengo la gereji linakuwa wazi: gari linaloburuta pua kidogo kwenye kona, wala si linalochomoa mkia. Gari likiburuta pua, matairi ya mbele ndiyo yanayoanza kukosa mshiko. Linakwenda nje ya mstari nusu mita au mita nzima, linapungua mwendo lenyewe, kisha linarudi. Kosa limegharimu kidogo. Likichomoa mkia, matairi ya nyuma ndiyo yanayoachia, gari linageuka kuliko dereva alivyoomba, na kosa linaisha gari likitazama lilikotoka. Viwanda vya magari ya kawaida ya barabarani huyapa magari yao tabia ya kuburuta pua kwa makusudi, kwa sababu kiwanda hakimjui mnunuzi wala hakitakuwa kando yake mvua ikinyesha. Wewe nawe, ukishabonyeza kuanza na kwenda kulala, uko katika hali ile ile ya kiwanda.

Kulipata hilo si kazi ngumu. Stablaiza ya mbele iwe ngumu kuliko ya nyuma kwa hatua moja au mbili. Springi za nyuma zilegee kidogo ukilinganisha na uzito zinaoubeba; maneno hayo ya mwisho yana maana, kwa kuwa gari lenye injini mbele tayari lina pua nzito na halihitaji kusukumwa sana, ilhali magari mengi ya RUF ya Ujerumani yaliyomo kwenye gemu, ambayo injini yake imekaa nyuma ya ekseli, yanahitaji uangalifu zaidi mkiani. Kama gari lina spoila inayorekebishika, kandamiza nyuma kwa nguvu na upunguze mbele kidogo. Matairi ya nyuma yatazame ndani kidogo kwenye alaimenti, maana hilo hutuliza mkia gari linapobadilisha mwelekeo. Ukiwa na uhuru wa kuchagua gari, yale yanayoendeshwa na tairi zote nne humfaa sana dereva huyu: Nissan Skyline GT-R, Mitsubishi Lancer Evolution, au Subaru Impreza, ambayo msomaji wa Nairobi hahitaji kuelezwa. Lakini usizidishe. Gari lililogoma kabisa kukata kona humlazimisha dereva kusubiri na kusubiri kabla ya kukanyaga mafuta, na matairi ya mbele yanakwisha mapema kuliko ya nyuma. Unatafuta kuburuta kwa kadiri, kiasi kwamba ukilishika wewe mwenyewe utaliona gari zito na lisilosisimua. Ukiliona hivyo, uko karibu na shabaha.

Breki ndizo zinazostahili muda mwingi zaidi, na kwa bahati mbaya ndizo zinazopewa muda mchache. Gari linapofunga breki uzito wake hukimbilia mbele. Tairi za mbele zinakandamizwa barabarani na za nyuma zinakuwa nyepesi. Ukiwa umezipa breki za nyuma nguvu nyingi, tairi hizo nyepesi ndizo zinazoachia, tena wakati mbaya kuliko yote, dereva anapoanza kugeuza usukani. Mchezaji mwenye mkono mzuri hupenda hali hiyo kwa sababu inamsaidia kuingiza pua kwenye kona. Dereva wako haipendi. Nunua kirekebisha breki, mpe ekseli ya mbele nguvu zaidi, ya nyuma iwe chini yake kwa hatua kadhaa, kisha itazame difu. Difu ya kubana ina vipimo vitatu: nguvu ya mwanzo, ya wakati wa kukanyaga mafuta, na ya wakati wa kuachia. Hicho cha tatu ndicho rafiki wa dereva wa kompyuta. Ukikipandisha, tairi mbili za ekseli inayoendesha gari zinashikamana wakati wa breki na gari linakwenda mbele kama lililowekwa kwenye reli. Usikifikishe mbali hadi gari likatae kugeuka. Cha pili kiwe cha wastani. Kikiwa chini sana tairi la ndani ya kona huzunguka bure na mafuta yanapotea, na kikiwa juu sana kwenye gari lenye nguvu nyingi linaloendeshwa na tairi za nyuma, mkia unachomoka gari likitoka kwenye kona. Vizuizi vya kompyuta vya kuzuia tairi kuzunguka bure na kulituliza gari, ambavyo wachezaji wazoefu huvizima kwa fahari, viwashe kwa kiasi. Fahari hiyo haina kazi hapa.

Njia nayo ina neno lake, na mfano ulio bora ni Nordschleife, ile njia ya zamani ya Nürburgring nchini Ujerumani, yenye kilomita 20.8 na kona zaidi ya 70, iliyoingia kwenye mfululizo wa Gran Turismo kwa mara ya kwanza katika toleo hili la nne. Tazama mahali pamoja tu, panapoitwa Flugplatz. Barabara inapanda, inafika kileleni, kisha inakatika chini kwa ghafla, na gari linakuwa jepesi, tairi zikining'inia badala ya kukanyaga. Mara tu linapotua, kuna kona ya kulia. Gari lililoshushwa chini kabisa na kukazwa springi, kama wengi wanavyofanya kwa sababu linapendeza macho na linakwenda vizuri kwenye lami laini, linatua kama meza. Linadunda, na katika mdundo huo linapaswa kugeuka. Mtu anaweza kulikumbuka hilo na kuachia mafuta mapema kidogo. Dereva wako ataingia kwa mwendo wake wa siku zote. Kwa hiyo liinue gari, legeza springi, na uache shokabu zirudi polepole kiasi ili bodi isirushwe juu baada ya kutua. Mbele zaidi kuna Karussell, kona ya mviringo iliyosakafiwa kwa saruji na kuinamishwa ndani kama bakuli, nayo inalitikisa gari gumu tangu linapoingia hadi linapotoka. Kwenye njia hii, gari laini ndilo gari la kasi.

Kwenye Le Mans hesabu inageuka. Gemu lina Circuit de la Sarthe za aina mbili, moja yenye vipinda viwili vilivyowekwa mwaka 1990 kuukata mstari mrefu wa Mulsanne, na nyingine isiyo navyo, ambamo dereva anakanyaga mafuta karibu kilomita 6 bila kuachia. Hapa gia ndizo zinazosema. Mwache dereva azunguke mara moja na umtazame mwisho wa mstari huo: kama sindano ya injini imegonga mwisho kabla ya kufika alama za breki, gia ya juu ni fupi, irefushe; kama anafika kwenye breki na sindano bado iko mbali, umeirefusha mno. Tazama pia anabadilisha gia sindano ikiwa wapi, kisha ulinganishe na mahali injini yako inapotoa nguvu nyingi, maana injini iliyochoka kabla ya sindano kufika mwisho inahitaji gia zilizokaribiana. Kuhusu mkandamizo wa hewa, kishawishi ni kuuondoa wote ili gari lipae kwenye mstari. Pinga kishawishi hicho mkiani, na mkandamizo uupunguze mbele tu. Sehemu ya mwisho ya mzunguko ina kona za Porsche, za kasi na zisizo na nafasi ya kukosea, na ni huko ambako gari lisilo na mkandamizo wa nyuma hupoteza kila lilichochuma Mulsanne.

Kuhusu matairi, hesabu tena badala ya mazoea. Ya mbio yamepangwa kuanzia R1 lililo gumu hadi R5 lililo laini, na mkono huenda wenyewe kwenye R5. Tuseme laini linampa dereva sekunde 2 kila mzunguko lakini linadumu mizunguko 5, gumu linadumu 8, na kila piti inakula sekunde 40. Katika mizunguko 40, laini linahitaji piti 7 na gumu piti 4. Laini limechuma sekunde 80 na kulipa 120 kwa piti tatu za ziada. Takwimu zako zitakuwa tofauti, na huenda laini likashinda. Ninachosisitiza ni kwamba jibu linatoka kwenye karatasi. Kumbuka pia kwamba dereva huyu si mzuri wa kupita wengine. Kila piti inayomrudisha katikati ya msongamano inamgharimu zaidi ya sekunde zilizoandikwa, na kwa sababu hiyo mimi naegemea tairi gumu panapokuwa na shaka.

Yote haya yanahitaji ushahidi wa gari lako mwenyewe, na ushahidi huo haupatikani kwa kuendesha wewe. Hapo ndipo kosa kubwa kuliko yote linapofanyika: mtu anarekebisha, anajaribu mizunguko mitatu kwa mikono yake, anaridhika, kisha anaikabidhi kompyuta gari. Amepima gari kwa mwili usio wa dereva. Mkabidhi dereva mara moja. Mweke kwenye mwendo wa ngazi ya 3, usimguse, mwache azunguke mara tano hadi kumi, na uandike kila muda kwenye daftari. Utazame muda bora na muda mbaya, na nafasi iliyo kati yake. Kisha badilisha kitu kimoja tu, kwa mfano hatua mbili za breki za nyuma, na umwache azunguke tena. Nafasi ikipungua, mabadiliko yamefaa hata kama muda bora haukusogea. Ukibadilisha vitu vinne kwa pamoja hutajua kipi kilichosaidia na kipi kilichoharibu, na utaishia kuamini uchawi. Nafasi ikishakuwa ndogo, hapo ndipo umpandishe ngazi ya 4 uone kama anaimudu. Gari lililotengenezwa vizuri hujulikana hapo: dereva anaongeza mwendo na makosa hayaongezeki kwa kiwango kile kile.

Kuna pingamizi la kwanza linalosikika kila mara, kwamba njia fupi ni kununua nguvu. Turbo kubwa, gari la daraja la juu kuliko wapinzani, na kompyuta itashinda hata ikiendesha vibaya. Ni kweli kwa mbio fupi dhidi ya wapinzani dhaifu, na sina sababu ya kumkataza mtu. Ila nguvu inafika kwenye tairi, na tairi lisiloweza kuibeba linateleza. Kila farasi unayemwongeza kwenye gari linalochomoa mkia anaongeza mtelezo ambao dereva hawezi kuuokoa. Katika mbio ndefu, nguvu hiyo inakula pia matairi na mafuta, kwa maana ya piti zaidi. Turbo yenyewe ikiwa kubwa huchelewa kisha inakuja kwa kishindo, na kishindo katikati ya kona ndicho asichokihitaji. Ukitaka nguvu, chagua ile inayopanda taratibu, na kabla yake punguza uzito wa gari, jambo linalosaidia breki, kona na matairi kwa pamoja.

La pili ni lile la uzoefu. Gran Turismo 4 inampa dereva alama za ujuzi wa njia, wa gari na wa kupambana, nazo hupanda kadiri anavyokimbia. Kwa nini basi usimwache akomae? Mwache, lakini angalia anakomalia wapi. Dereva anayejifunza ndani ya gari tulivu anamaliza mbio nyingi zaidi, na ni kwa kukimbia ndipo alama zinapopanda. Gran Turismo 5 ya mwaka 2010 iliweka jambo hili wazi zaidi, kwa kumpa dereva hasira: ukimhimiza sana anapandwa na joto na kuanza kukosea, na mwingine kwa tabia yake ni mwepesi wa kupandwa kuliko mwenzake. Gari linalomsumbua kila kona linamfikisha kwenye joto hilo bila wewe kumhimiza.

Wengine watauliza kuhusu dereva anayejifunza kutoka kwako. Forza Motorsport ya mwaka 2005, kwa kazi ya watafiti wa Microsoft wa Cambridge, ilikuwa na Drivatar, dereva unayemfundisha kwa kuendesha mbele yake hadi aige mistari yako ya kona. Huyo kweli yuko karibu zaidi na kipimo chako. Hata hivyo anaiga mazoea yako, na mazoea si kilele chako. Mwongozo huu unabaki na kazi, pengine kwa nusu ya dozi. Na yupo GT Sophy wa Sony AI, aliyetangazwa Februari 2022 katika jarida la Nature baada ya kuwashinda Oktoba 2021 baadhi ya wachezaji bora wa Gran Turismo Sport, ilhali Julai mwaka huo timu yake ilikuwa imeshindwa. Sophy alijifunza kwa kujaribu na kukosea mara nyingi mno, kwa gari maalumu na njia maalumu, mpaka akafika ukingoni mwa mshiko wa tairi. Dereva kama huyo hafai kupewa gari linaloburuta pua; mpe kali, atalitumia. Lakini tazama linalothibitishwa na mfano huo: dereva akibadilika, gari linabadilika. Aliye ndani ya B-Spec hajifunzi ukingo wa mshiko, kwa hiyo usimweke hapo.

Usiku wa mbio, mweke dereva ngazi ya 3, ruhusu kupita, na usiondoke bado. Kaa naye hadi piti ya pili. Ya kwanza itakuonyesha matairi yapi yamelika, na kama ya mbele yamekwisha kabisa huku ya nyuma yakiwa mazima, umezidisha kuburuta pua; anza upya, kwani kupoteza saa moja ni afadhali kuliko usiku mzima. Ya pili itakuonyesha kama ile ya kwanza ilikuwa bahati. Muda wa mizunguko kati ya piti hizo mbili ukiwa umekaribiana na ule wa daftarini, harakisha saa mara tatu, zima taa, nenda kalale.